Kinoti wa Milioni

Ruiri,
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Kwa dada yangu Gatakaa,

Zile salamu ndefu ulizotufundisha darasa la tano utanisamehe leo. Mimi ni mzima, na hilo ndilo la kwanza.

Usishangae kupokea karatasi kutoka kwa mtu anayekula kwa kompyuta. Simu zote nimezima. Ile laini mpya niliyokupigia nayo Jumapili, kufikia Jumanne ilikuwa imejaa ujumbe wa watu nisiowajua, mmoja akiniita Kinoti wa Milioni. Namba hiyo niliwapa watu wawili tu, wewe na rafiki yangu Mbae. Sasa nitakuwa naandika, na barua zitapitia ofisi ya vifurushi vya magari ya Embu kwa jina la Mwalimu. Kachukue mwenyewe, usimtume mtu.

Najua Mama amekueleza mambo kwa njia yake, ya kuanzia katikati na kulia mwanzoni. Nakueleza kwa njia yangu. Ile harambee ya kuezeka kanisa huko kwetu Githongo, tarehe ishirini na nne Agosti, nilikuwa nimepata milioni moja kwa wiki moja. Nilinunua dhahabu ikiwa chini, nikaiuza ikiwa juu, yote kwenye kompyuta mezani pangu, chai ikiwa bado moto. Nikasema Mungu naye apate. Niliandika hundi ya milioni hiyo yote, nikaitia kwenye bahasha, nje sikuandika jina. Mweka hazina akaifungua palepale, na mwenye kipaza sauti akasoma jina langu mara tatu. "Huyu kijana hana shamba ya kahawa! Hana duka! Hana kazi ya serikali! Anafinya tu kompyuta! Mpigieni makofi ya kilo!" Nikaitwa mbele nipunge mkono. Watu walipiga makofi, na wengine walipiga picha.

Alhamisi yake, saa kumi na moja jioni, wanaume wanne waliingia nyumbani, Mama akiwa anakama ng'ombe na mimi nikiwa nimeenda benki Meru. Walimfunga soja wetu wa lango, Mithika, kwa kamba ya ndama. Mama wakamwambia, "Shosho, usiogope, hatutaki wewe. Tunataka yule wa computer. Mwambie hata sisi tulikuwa kanisa." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikimbiza. Walikaa kwenye viti vile vile, dada, na pengine walinipigia makofi.

Huku nimekodi nyumba ya mkulima wa vitunguu. Nimemwambia ninauza dawa za mifugo. Jana aliniletea ndama anayehara, nikamtazama macho na meno kama daktari, nikasema anyweshwe maji ya chumvi na sukari. Leo ndama amesimama na mimi nimepewa kuku. Mbae, ambaye sasa tunaongea kwa kompyuta tu, alicheka mpaka akakohoa nilipomweleza.

Nilipo mnajua wawili, wewe na yeye. Usimwambie mtu, hata shemeji Njue.

Ndugu yako,
Kinoti

* * *

Karurumo,
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kinoti mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimejifungia stoo ya shule, kati ya magunia ya mahindi ya chakula cha watoto. Umefanya dada yako mkubwa awe kama mwizi.

Mama ni mzima lakini ni mkaidi. Alifika hapa na akakataa katakata kulala nyumbani kwangu. Anasema mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, hata kama anafukuzwa na simba. Njue alimsihi akiwa amesimama nje ya ua, Mama akiwa ndani, wote wawili wameangalia pembeni. Mwishowe Mama amechukuliwa na jirani yangu Mama Ruguru, mwenyekiti wa kikundi chetu cha maombi. Huko analala vizuri, na uji anapewa.

Sasa niulize, na unijibu kama mtoto wa baba yetu: hizo pesa ni safi? Hapa kuna watu wanasema kijana hawezi kupata milioni kwa wiki bila kula kiapo mahali. Njue naye anasema pesa za kufinya si pesa mpaka ziwe udongo. Mimi nawajibu, lakini nawajibu nikiwa sielewi. Ulikuwa unafundisha hesabu, Kinoti. Ulikuwa na mshahara mdogo na usingizi mwingi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini mbona wewe uliyavulia mbele ya kanisa zima?

Kuhusu siri yako, usiwe na wasiwasi. Njue hajui kitu. Sijamwambia mtu yeyote. Nimemwambia Mungu tu.

Kula. Na uwaache ng'ombe wa watu.

Dada yako anayekupenda,
Gatakaa

* * *

Ruiri,
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Dada,

Pesa ni safi. Ni safi na zinanuka hatari, yote mawili. Kuna siku nimepoteza kwa saa moja mshahara wako wa miezi sita. Siku hizo hakuna mtu huniita mbele nipunge mkono.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Leo asubuhi mwenye nyumba alikuta karatasi langoni, imefungwa kwa uzi wa gunia. Nakunakilia yote: "Daktari wa ng'ombe, tunakusalimia. Kanisa ulipatia moja. Sisi tuko wanne." Mzee akaniuliza kama ni mteja. Nikasema ndiyo, ni mteja.

Daktari wa ng'ombe, Gatakaa! Mambo ya yule ndama niliwaambia watu wawili tu. Nimekaa kitandani toka asubuhi, soko limefunguliwa na sijalitazama, nawaza mtu mmoja. Mbae ndiye aliyenifundisha hii kazi. Tumekula sahani moja. Lakini mwezi jana alipigwa vibaya na dola, tangu hapo amekuwa mtu wa kimya, na wiki hii ameniuliza mara mbili nyumba yangu iko upande gani wa barabara. Anataka kujua upande wa barabara kwa nini? Kikulacho ki nguoni mwako.

Naogopa. Nasema wazi kwa sababu ni wewe. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje, nashika panga la mwenye nyumba.

Ijumaa ya tarehe kumi na tisa nitahama. Nitaingia ile nyumba tupu ya marehemu mjomba Kathuri, kule Nkubu, saa nane mchana, peke yangu. Mbae nimemwambia kwa sababu nikimficha atajua namshuku. Kwa hivyo mnajua wawili tena. Usiniandikie Ruiri baada ya siku hiyo mpaka usikie kutoka kwangu.

Kinoti

* * *

Karurumo,
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Ndugu yangu,

Nikiikumbuka barua yako darasani niliangusha chaki, nikaketi chini. Watoto wakadhani naugua malaria.

Lakini usimhukumu Mbae. Huyo kijana alibeba jeneza la baba yetu upande wa mbele, wakati binamu zetu walikuwa wanatafuta mahali pa kuegesha gari. Humpigia Mama simu kila Jumapili, na Jumapili hii alimuuliza kama unapata chakula cha maana au unakula mikate tu. Mtu akiuliza upande wa barabara, pengine anataka kukuletea kitu. Woga ukikaa sana ndani ya mtu humfanya aone nyoka kwenye kila kamba, na wewe tangu utotoni ni mwoga, hata uliogopa bata wa Mama.

Ijumaa tutafunga kula. Saa nane kamili, ukiwa unafungua mlango wa mjomba, ujue niko magotini, na sitainuka mpaka saa tisa. Mungu hajawahi kulala, Kinoti. Hilo mimi ninalijua kuliko ninavyojua jina langu.

Mama anasema uvae sweta, nyumba ya mjomba ina baridi.

Gatakaa

* * *

Ruiri,
Jumamosi, 20 Septemba 2025

Dada,

Bado niko Ruiri. Sikuwahi kutaka kuhamia Nkubu. Ulikuwa mtego, na naomba msamaha kwa kukuandikia uongo, lakini Mbae huongea na Mama na sikutaka Mama amwambie tofauti.

Nilienda kituo cha polisi wiki jana, nikamkuta afisa mmoja aliyenisikiliza. Ijumaa akajificha na mwenzake ndani ya shamba la kahawa la mjomba, na mimi nikakaa ng'ambo ya mto nikiangalia. Saa nane na dakika kumi, pikipiki mbili, watu wanne. Hawakupiga hodi. Walizunguka nyumba wawili kwa wawili, kama watu wanaoijua kazi. Polisi walipotoka, wale wakakimbilia bondeni, pikipiki moja wakaiacha. Hakushikwa hata mmoja.

Halafu dakika ishirini baadaye, nani anaingia kwa lango la mjomba? Mbae. Amebeba blanketi na chupa ya chai. Watu walikuwa wameshajaa barabarani wanapiga kelele za mwizi, na kabla polisi hawajamfikia, vijana wa kijijini walikuwa wamemfikia na kumpiga. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Nilimsikia akiita jina langu. Nilikaa palepale ng'ambo ya mto.

Afisa anasema alikuja kuona kama kazi imekwisha, na blanketi ni la kujifanya. Mimi naona hivyo pia. Mlijua wawili tu. Wewe ni damu yangu, kwa hivyo anabaki mmoja. Sasa yuko ndani, amefungwa plasta. Alhamisi tarehe mbili Oktoba nitaenda kutia sahihi maelezo yangu, ashtakiwe rasmi.

Nilidhani nitafurahi. Jana usiku sikula.

Kinoti

* * *

Karurumo,
Jumatano, 24 Septemba 2025

Kinoti,

Barua yako nimeipata.

Nakuomba usitie sahihi. Mwache Mbae atoke, mkono wake utibiwe vizuri. Mtu anaweza kujua neno na asiwe yeye aliyelipeleka. Samehe tu, kwa ajili ya Baba aliyebebwa na mabega yake.

Usiniulize mengi. Siko vizuri wiki hii, na Jumatano hii sikwenda kwa maombi.

Gatakaa

* * *

Ruiri,
Jumamosi, 27 Septemba 2025

Gatakaa,

Nimeisoma barua yako mara sita. Wewe ambaye barua yako fupi ni kurasa mbili na mithali tatu, umeniandikia mistari minane. Hukuniuliza kama niliumia. Unanililia juu ya Mbae.

Nilikuwa nafundisha hesabu, kama ulivyonikumbusha. Wawili walijua. Ukisema si Mbae, hesabu inabaki na nani? Mimi sitaki kuiandika hiyo hesabu. Kwa hivyo niambie ukweli: barua zangu unaziweka wapi? Mwenye kuzisoma nyumbani kwako ni nani? Shemeji Njue aliyesema pesa zangu si pesa mpaka ziwe udongo, ametaka ziwe udongo wa nani? Nimesikia amenunua ekari pale chini ya shule. Amenunua na nini?

Ulinibeba mgongoni mpaka nikiwa na miaka mitano. Lakini kuna watu wanne wanaojua mahali ninapolala kabla sijatandika kitanda, na kuna mtu anayewaambia.

Alhamisi saa nne asubuhi natia sahihi. Kama kuna neno, niandikie kabla ya hapo. Kama hakuna, basi ni Mbae, na aende.

Kinoti

* * *

Karurumo,
Jumanne, 30 Septemba 2025

Kinoti mtoto wetu,

Barua hii nimempa dereva wa gari la kwanza mkononi, na nimemlipa mara mbili aifikishe leo. Isome yote kabla hujatoka.

Njue hana hatia. Ekari ni ya ng'ombe wawili na mkopo wa chama cha walimu, nimeuona mkataba. Barua zako hajaona hata moja. Nazificha ndani ya godoro langu upande wangu.

Ni mimi.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Kila Jumatano mwenyekiti huuliza nani ana ombi, na ombi lisilo na maelezo kwetu huonekana kama ni la mtu anayeficha dhambi. Jumatano ile ya kwanza baada ya barua yako nilisimama nikilia. Nikasema ndugu yangu Kinoti, aliyetoa milioni kwa kanisa la Githongo, amekimbilia Ruiri, amejificha kwa mkulima wa vitunguu na kujifanya daktari wa ng'ombe, Bwana amfunike. Wenzangu walilia pamoja nami. Katibu akaandika ombi na kulituma kwa kikundi cha simu ili waliokosa kufika waombe wakiwa nyumbani. Sisi hufanya hivyo na kila ombi, la mgonjwa au la mtoto wa mtihani. Namba yako ya ile Jumapili pia nilikuwa nimewapa, wakupigie wakutie moyo. Na ya Nkubu, Kinoti, niliitoa mwenyewe. Siku, nyumba na saa. Nilitaka wote wapige magoti saa nane kamili, isipungue hata dakika, kwa hivyo niliwaandikia saa nane kamili.

Nilikuwa sijui hata kidogo. Nilikuwa nasema sijamwambia mtu na nilikuwa naamini.

Jumapili tarehe ishirini na moja, mwalimu mwenzangu aliyeolewa huko kwetu alinitumia ombi hilo hilo akiuliza kama huyu Kinoti ni wetu. Maneno ni yangu, neno kwa neno, na juu yake imeandikwa kwamba limetumwa mara nyingi. Katikati mtu alikuwa ameongeza: "Huyu ndio ule wa milioni." Limepita vikundi vingapi sijui. Kila aliyelituma alifikiri anaomba. Mmoja tu hakuwa anaomba, naye alitosha.

Nilijua siku tatu kabla ya kukuandikia ile barua ya mistari minane. Nilitaka umwachilie Mbae bila mimi kusema. Niliona aibu. Mimi ndiye wa kukufundisha, mimi ndiye wa kukulinda, na mkono wa Mbae nimeuvunja mimi. Nilitaka hasira zako zipotee bila kukupoteza wewe, na nikanyamaza wakati mtoto wa watu amelala sakafuni na plasta.

Nenda Alhamisi, lakini nenda ukamtoe. Waonyeshe barua hii. Kama kuna kosa, waje wanichukue, nitakuwa darasa la sita.

Halafu niandikie. Nitukane, lakini niandikie uko wapi.

Dada yako,
Gatakaa

* * *

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Dada,

Barua yako ilifika Jumanne jioni. Alhamisi nilienda, nikaitoa mezani, afisa akaisoma akisogeza midomo. Akasema hajawahi kuona kesi kama hii na kwamba hakuna sheria ya kumshika mtu kwa kuomba. Mbae alitolewa saa saba. Wale wanne hawajapatikana. Pikipiki waliyoiacha ilikuwa ya wizi.

Nilimngoja nje. Nilimwambia nilikuwa ng'ambo ya mto nikimsikia. Nilitaka alijue hilo kutoka kwangu. Akauliza, "Ulikuwa unaniona?" Nikasema ndiyo. Akatingisha kichwa kidogo, akaniambia nimpe nauli tu, mambo ya hospitali nisijishughulishe, mama yake ameuza mbuzi. Nilimpa nauli. Alipanda gari bila kugeuka, na sijui kama nitamwona tena.

Shemeji Njue mwambie nimekosa, na nitakuja kumwambia mwenyewe siku moja, nikiweza kuja.

Wewe sikukasirikii. Nilijaribu siku mbili, nikashindwa. Kama ungeniuza ningejua la kufanya. Sasa nina dada ambaye hawezi kunipenda bila kusema, na watu ambao wanangoja aseme.

Umeniomba nikuandikie niko wapi. Nimehama, dada. Sikwambii nimeenda wapi, wala kama ni karibu wala mbali, wala nimejifanya nani. Usinitafute kwa muhuri wa bahasha, nimempa mtu aiposti mahali pengine. Mwanzo wa kila mwezi utapata karatasi yenye neno moja, "mzima." Ukikosa, utajua. Mama mwambie nakula vizuri na ninavaa sweta.

Barua zote zilizo ndani ya godoro zichome, hii ikiwa ya kwanza. Na keshokutwa ni Jumatano. Najua utakwenda, kwa sababu huwezi kukaa nyumbani Jumatano nyingi. Mwenyekiti akiuliza nani ana ombi, na wote wakugeukie wewe kwa upendo, sema huna.

Ndugu yako